Joho la Jumbe na Mtoto Asiyesikia Mbiu

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani gani kwa sababu sikuwapo na wala sikuandika tarehe, palikuwa na mji. Tulieni kwanza. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, maana ukisimama hapo unanikatia hewa. Hii si hadithi ya sungura. Haina jini wala binti Sultani. Ina ofisi tatu na mtoto mmoja, na mwisho wake sitaumaliza mimi, mtaumalizia nyinyi.

Mji uliitwa Mavumoni. Nusu yake ilikaa mlimani na nusu bondeni. Mlimani walikaa wenye nazo, bondeni kando ya mto walikaa waliobaki. Mtawala wao alikuwa Jumbe Mwinyikai. Siku aliyotawazwa alivishwa joho jeusi lenye taraza ya dhahabu, akaweka mkono juu ya pembe ya mji, akaapa mbele ya watu wote: "Mtoto wa mji huu ni mtoto wangu. Akikosa paa, mimi ndiye niliyemnyima. Akiugua akakosa dawa, ni mimi. Akikosa wa kumfundisha, ni mimi."

Watu walilia. Jumbe mwenyewe alilia. Kisha akaona kazi ya kuwa baba ni kubwa, akaigawa kwa watu watatu. Bwana Nyumba akapewa paa na kuta. Bwana Afya akapewa miili. Bibi Elimu akapewa mafunzo. Kwa hiyo kila mtoto wa Mavumoni akawa na baba watatu, mmoja wao mama.

Wote watatu walikuwa watu wema. Nasema mapema ili mtu asije akaniambia nimewasingizia.

Sasa lazima niwaeleze ile pembe. Mji ule uliendeshwa kwa mbiu. Mbiu moja: njooni mkutanoni. Mbiu mbili: njooni na vikapu, kuna mgao wa nafaka. Mbiu tatu: hatari, beba unachoweza ukimbilie mlimani. Mbiu ya nne haikuwapo. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Watu wa Mavumoni waliongeza la kwao, kwamba isipolia hakuna jambo, na wakaishi hivyo miaka mingi bila kudhurika sana.

Mpiga mbiu aliitwa Mbaruku. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba kila mahali isipokuwa kifuani. Alikaa kwenye kibanda mteremkoni, katikati ya mlima na bonde, ili asikike pande zote. Sheria yake ilikuwa moja tu: mpiga mbiu akiiacha pembe kabla ya kumaliza kupiga, atafukuzwa mjini asirudi tena.

Basi mwaka mmoja Jumbe akakumbuka kiapo chake. Akasema watoto wasioona, wasioweza kutembea na wasiosikia wapewe haki yao. Wala hakufanya ubahili. Alijenga nyumba tatu mlimani, za mawe, zenye sakafu ya chokaa. Alileta dawa. Alimwita kutoka nchi ya mbali mwalimu mmoja anayejua kuzungumza kwa mikono. Likabaki jambo moja tu, kuwajua watoto wenyewe. Jumbe akasema, waiteni.

Wakaitwa kama kila mtu anavyoitwa Mavumoni. Mbaruku alipiga mbiu moja, akanadi wasioona waje. Wakaja, wameshikwa mikono. Akapiga tena, akanadi wasioweza kutembea waje. Wakaja, wamebebwa migongoni. Akapiga mara ya tatu kwa nguvu zake zote, akanadi wasiosikia waje.

Hakuja mtu.

Karani wa Jumbe alingoja na kalamu yake mpaka adhuhuri, maana hakuwa mtu wa pupa. Kisha akaandika daftarini: *Viziwi, hakuna.* Jumbe aliposomewa, akainua mikono akamshukuru Mungu kwa neema aliyoujalia mji wake. Watu wakapeana mikono.

Lakini viziwi walikuwapo. Alikuwapo Mashavu.

Mashavu alikuwa mtoto wa miaka minane, mkaidi, anacheka ovyo, na akikutazama anakutazama mdomo, si macho. Surua ilimpitia akiwa na miaka miwili ikaondoka na masikio yake, na sikio moja lilikuwa linatoa usaha kila msimu wa mvua. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake alisafiri, na mpaka leo yuko safarini. Aliishi bondeni kwenye kibanda cha udongo na nyanya yake, Bi Mwanatumu, mwanamke wa miaka sabini ambaye miguu ilikuwa imeshamwambia apumzike naye akakataa.

Bi Mwanatumu aliisikia mbiu vizuri. Alimshika mjukuu wake mkono wakapanda mlima, wakafika karani anafunga daftari. Bi Mwanatumu akasema huyu mtoto hasikii.

"Aliyeitwa ni nani, yeye au wewe?" karani akauliza.

"Yeye."

"Na amekuja?"

"Huyu hapa, amekuja."

"Basi amesikia," akasema karani. "Asiyesikia haji, mama. Anayekuja amesikia. Usinichafulie daftari."

Hakusema kwa ukali. Hata maji ya kunywa aliwapa.

Bi Mwanatumu hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa Bwana Nyumba, akakaa kwenye benchi mpaka alipoitwa. Bwana Nyumba alimsikiliza, akasikitika. Alisema nyumba ya viziwi ipo, ile kule, hata kwa dirisha unaiona. Kwa vile viziwi hawapo, itakuwa ikifagiliwa kila Ijumaa na kufungwa. Ufunguo alikuwa nao mwenyewe kiunoni, akauonyesha. Lakini mtoto asiyekuwa daftarini angempaje? Akamsikitikia tena. Kisha akakumbuka kwamba ujenzi ulibakisha mlango mmoja, wa mvule, una pete mbili za chuma, fundi alikosea vipimo ukawa mpana kupita kiasi. Akasema mlango ule hauandikwi popote, chukua mama. Bi Mwanatumu akashukuru, akatafuta vijana wa kumbebea. Kufika nyumbani, mlango ulikuwa mkubwa kuliko ukuta wa mbele. Wakauingiza kwa ubavu, wakaulaza juu ya mawe manne, ukawa kitanda cha Mashavu.

Siku ya pili akaenda kwa Bwana Afya. Bwana Afya alimwinamisha mtoto, akachungulia. Alisema usaha naujua, usaha ni wangu. Kutosikia si kwangu, sikio lenyewe ni zima ila limenyamaza, na mambo ya kunyamaza yako kwa Bibi Elimu. Akampa mafuta ya kutia sikioni. Mtoto alale ubavu kila asubuhi mpaka jua la utosi, siku arubaini, asiinuke mafuta yasije yakamwagika. "Asiinuke hata mvua ikivuja," alisema, akamchekesha nyanya mtu. Tena dawa hiyo aliitoa mfukoni mwake, kwa sababu ya serikali ilitaka jina daftarini.

Siku ya tatu akaenda kwa Bibi Elimu. Bibi Elimu alitokwa na machozi, kweli kabisa. Alisema mwalimu wa ishara yupo, tangu aletwe hana mwanafunzi, anakunywa kahawa barazani na siku hizi ameanza kuzungumza na mikono yake mwenyewe. Lakini kumtoa kwa mtoto asiyeandikwa, hapana, hilo lingemletea mwalimu matatizo. Bi Mwanatumu akamwambia, mwanangu, hata ishara moja tu. Huyu barabarani hanishiki, anawakimbilia punda, nikimwita haji. Bibi Elimu akatazama huku na huku, akatoka na mtoto nje kwenye ngazi zilizoelekeana na kibanda cha Mbaruku. Hapo akamfundisha ishara ya *shika*: ngumi mbili, zikutane kifuani. Akamfundisha mpaka mtoto akaijua. Ya pili alikataa. Alisema ishara moja ni salamu tu, zikiwa mbili ni somo, na somo lina karatasi zake.

Mnaniona sijamtukana mtu. Kila mmoja alitoa kitu chake, na kila mmoja alikitoa nje ya sheria kwa huruma. Tuendelee.

Mbaruku aliliona somo lile kutoka kibandani kwake, maana Mashavu alimjua zamani. Yule mtoto alikuwa na mchezo wake. Kila Mbaruku alipoinua pembe, Mashavu alikuwa akitoka alikotoka, anaweka kiganja chake ubavuni mwa pembe, anafumba macho. Pembe ilipolia ilimtetemekea mkononi naye akacheka. Watoto wengine waliziba masikio, yeye hakuziba. Mbaruku alijua tangu mwaka wa kwanza kwamba huyu hasikii. Siku ya kuandika viziwi alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwa karani. Hakusema. Baadaye alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba yeye ni mpiga mbiu, hakuna aliyemuuliza.

Siku zikaenda. Mafuta yakafika siku ya thelathini na moja. Bi Mwanatumu akawa amepanda mlima ule mara arubaini, siku nyingine mara mbili, kila mara anaambiwa leo hapana, labda kesho. Asubuhi hiyo aliambiwa labda leo kweli, akakae benchini kwa Bwana Nyumba. Mtoto hakwenda naye. Kwanza kwa ajili ya mafuta. Pili, karani alikwisha kumwonya kwamba kila akimleta anazidi kuthibitisha kuwa anasikia. Basi alimwacha Mashavu amelala ubavu juu ya mlango wake, mafuta sikioni, akamfunika kanga.

Mjini kulikuwa na jua safi. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu kwenye vilima vya wenyewe, ambako mto unatoka. Mbaruku aliketi kibandani anakwaruza kucha, akatupa macho mtoni, akauona mto umekuwa mwekundu. Akatazama tena, akaona migomba mizima inapita na mizizi yake. Akainua pembe. Akapiga ya kwanza. Akapiga ya pili. Akavuta pumzi ya tatu, na hapo akaona kitu kimepungua. Kiganja hakikuwapo ubavuni mwa pembe.

Akaitazama pembe. Akaiweka chini. Ile pumzi ya tatu akakimbilia nayo bondeni.

Sasa sikilizeni mji ulichokifanya. Mji ulisikia mbiu mbili, na mbiu mbili ni mgao. Watu walitoka na vikapu. Walipanda mlima kwa kasi ambayo mbiu tatu haijawahi kuileta, kwa sababu siku ya hatari mtu hurudi kuchukua godoro, hurudi kuchukua kuku, lakini siku ya mgao harudi mtu. Bonde lote likawa tupu kabla sufuria lililo motoni halijachemka. Wakajipanga uwanjani kwa Jumbe, vikapu mikononi, wanauliza leo ni mtama au mahindi. Kisha mtu mmoja akageuka nyuma, akaona nyumba yake inaondoka.

Hakufa mtu. Lakini kila mtu alikuwa na kikapu kitupu na hasira. Wakasema kama tungepigiwa tatu tungebeba vitu vyetu.

Bi Mwanatumu aliruka kutoka benchini. Walimzuia watu wanne. Waliokuwa kwenye ukingo waliyaona yote. Waliona maji yanaingia kibandani mwa Bi Mwanatumu. Ukuta wa udongo ukayeyuka, na ule mlango, ambao siku ya kuletwa uliingizwa kwa ubavu, ukatoka wenyewe ukiwa na mtoto juu yake. Mashavu alikuwa ameinuka sasa, anaangalia pande zote. Akamwona Mbaruku kwenye maji mpaka kifuani. Akakunja magoti ili amrukie, na kati yao palikuwa na maji ya kummaliza ng'ombe. Kumpigia kelele ni bure. Mbaruku akatoa mikono yote miwili kwenye maji, jambo ambalo mtu anayezama halifanyi, akagonganisha ngumi mbili kifuani.

Mashavu akazishika zile pete za chuma. Mbaruku akaogelea akaufikia mlango. Wakazunguka kona ya mto wote wawili, wakapotea.

Alasiri ile Jumbe alikalia kiti chake uwanjani. Hakuna aliyetarajia kuwaona tena. Jumbe alikuwa mtu wa kiapo, na kiapo kilimuuma. Akauliza neno moja tu: huyu mtoto alikuwa wa nani?

Bwana Nyumba akasimama. Alisema wake ni wale wanaokaa katika nyumba zake, na mtoto huyu hakukaa hata siku moja katika nyumba yake. Mwenye macho akaitazame, imefungwa.

Bwana Afya akasimama. Alisema wake ni wagonjwa, na maji si ugonjwa.

Bibi Elimu akasimama. Alisema wake ni wanafunzi, na mwanafunzi ana somo, na huyu hakuwahi kupewa somo.

Karani naye akafungua daftari akasoma: *Viziwi, hakuna.* Akaongeza kwa upole kwamba, kwa hesabu za serikali, asiyekuwapo hawezi kupotea.

Bi Mwanatumu alikuwa ameketi chini na ile kanga ya mtoto. Alilia kwa sauti, bila aibu, na uchungu wake haukuwa na ofisi ya kuupeleka. Watu walianza kulia naye. Ndipo aliyekuwa nyuma kabisa akasema hebu pisheni.

Mashavu aliingia uwanjani ana matope mpaka kwenye nywele. Nyuma yake alikuja Mbaruku, anachechemea, na mgongoni amebeba mlango. Wakamuuliza kwa nini ameubeba mbali kote huko. Akasema ni mali ya serikali. Karani akaukagua, akakuta umekwaruzika kidogo upande mmoja.

Sitawaambia jinsi nyanya alivyomkumbatia mjukuu. Kila aliyewahi kumpoteza mtoto sokoni kwa muda mfupi tu anajua.

Sasa hapa ndipo penye fundo, sogeeni. Mavumoni palikuwa na desturi. Mtoto akirudi kutoka majini, Jumbe huvua joho lake akamvisha aliyemwokoa. Mwenye joho huwa mzazi wa mtoto huyo kisheria. Neno lake halingoji benchini. Akimwombea mtoto nyumba, hupewa leo. Akimwombea dawa, leo. Akimwombea mwalimu, leo. Na pale mwenye joho atakaposema mtoto aishi, ndipo atakapoishi. Jumbe akasimama, akavua joho, akalitandika juu ya mkeka. Akauliza neno lilelile: huyu mtoto ni wa nani?

Bwana Nyumba akasimama wa kwanza. "Ni wangu," akasema. "Alielea juu ya nini? Juu ya mlango wangu. Nisingevunja sheria nikautoa, angeshika nini, maji? Nivisheni joho, leo hii nimfungulie nyumba." Akaongeza kwamba nyumba ni ya watoto, ya wazee haijajengwa, hivyo nyanya atapewa ruhusa ya kumtembelea kila Ijumaa, baada ya kufagiliwa.

Bwana Afya akasimama. "Ni wangu. Mlango ungeelea mtupu kama mtoto asingekuwa juu yake. Nani alimlaza juu yake? Kila asubuhi mtoto huyu huwa mtoni anaosha masufuria. Leo angekuwa wa kwanza kuchukuliwa. Ni mafuta yangu yaliyomweka kitandani." Mtu mmoja akanong'ona kwamba mafuta hayohayo ndiyo yaliyomfanya asionekane na majirani wakati wanakimbia. Bwana Afya akasema hilo liko nje ya mada. Yeye akipewa joho, atamlaza mtoto katika nyumba ya wagonjwa mpaka sikio lipone, na sikio la namna ile huchukua miaka.

Bibi Elimu akasimama. "Ni wangu. Alikuwa juu ya mlango, ndiyo, na alikuwa anaruka. Kilichomzuia ni ishara yangu. Mlango hauna maana kwa mtoto asiyejua kwamba aushike." Alisema akipewa joho, atampeleka ng'ambo kwenye shule nzuri, mwendo wa siku sita, akajifunze ishara zote, arudi akiwa mtu mzima.

Wakamsukuma Mbaruku mbele. Mbaruku alikuwa hataki. Alisema yeye alimvuta kwenye maji, basi, wote mliona. Akipewa joho atamweka popote mtoto anapotaka. Lakini karani alikumbusha, na alikumbusha haki, kwamba Mbaruku aliacha pembe kabla ya mbiu ya tatu. Adhabu yake ni kufukuzwa mjini kabla jua halijatua, ila mwenye joho hafukuzwi. Kwa hiyo neno lake lina faida yake ndani. Na mwingine, aliyepoteza mbuzi watatu, akauliza: huyu si alijua miaka yote kwamba mtoto hasikii? Angefungua mdomo siku ile mbele ya karani, si mtoto angekuwa mlimani zamani? Mbaruku akatazama chini. Alisema ni kweli, na kwamba hilo limekuwa likimnyima usingizi tangu siku ile.

Alibaki Bi Mwanatumu. Watu walidhani naye atalidai joho. Na angeweza, maana mlango ulitoka kwa miguu yake, mafuta yalitoka kwa miguu yake, ishara ilitoka kwa miguu yake. Mara arubaini mlima ule. Lakini hakulitazama joho.

"Jumbe," akasema, "siku uliyoapa nilikuwapo, nilisimama pale karibu na kisima. Hukusema mtoto wa daftari hili. Ulisema mtoto wa mji huu. Joho silitaki, mimi nina kanga zangu. Kibanda changu kimekwenda na maji. Nataka ufunguo ule ulio kiunoni mwa bwana huyu, nilale na mjukuu wangu chini ya paa. Mengine nyinyi mtagombana kesho."

Jumbe alimtazama mama yule, na waliokuwa karibu walisema macho yake yalikuwa na maji, kama siku ya kiapo. Kisha akasema maneno haya ni mazito na yamemwingia. Lakini ufunguo hufuata joho, na joho hufuata haki, na haki hii imemshinda mtu mmoja kuiamua. Akasema mji wote uitwe uamue.

Mbaruku hakuruhusiwa tena kuigusa pembe. Karani akaichukua, akajaribu, ikatoa mlio wa mbuzi aliyekabwa. Akajaribu tena ikalia. Mbiu moja. Watu wakaja wote, hata waliokuwa wakiokoteza mabati mtoni, kila mmoja na neno lake. Wa mlimani wakasema Bwana Nyumba, wagonjwa wakasema Bwana Afya, wenye watoto shuleni wakasema Bibi Elimu, vijana wakasema Mbaruku, na wanawake wa bondeni wakasema mpeni huyo mama ufunguo wake mtuondolee balaa. Wakabishana mpaka wengine wakasahau wanambishania nani.

Karani akahesabu waliohudhuria. Akaona amepungua mmoja. Mashavu alikuwa amechoka, ameondoka na kwenda kulala kwenye baraza ya ile nyumba iliyofungwa, juu ya mlango wake wa mvule ambao Mbaruku alikuwa ameutua hapo, mikono yake imeshika pete. Karani akaandika: *Mtoto ameitwa. Hakuja. Hana la kusema.*

Na mimi nimefika hapo, sina zaidi. Joho liko mkekani. Ufunguo uko kiunoni. Huko kwenye vilima vya wenyewe mawingu yamekusanyika tena. Msinijibu wote kwa pamoja, na wewe uliyekuwa mlangoni, sasa ingia, nataka kukusikia. Mwenye mlango, mwenye mafuta, mwenye ishara, aliyeacha pembe au aliyepanda mlima mara arubaini: je, nani alistahili joho? Na mkishakubaliana, ni nani kati yenu atakayekwenda kumwambia Mashavu?